Kabla Hujang'oa Kamera ya Rivasi: Maneno kwa Fundi Anayeanza

Mteja akileta pikapu na kusema kamera ya rivasi imekufa, anakueleza alichokiona kwenye skrini. Ugonjwa wenyewe hajaujua. Kati ya lenzi iliyo kwenye mlango wa bodi na skrini iliyo kwenye deshibodi kuna mita kadhaa za waya, plagi kadhaa, fyuzi, swichi ya rivasi kwenye gia boksi, na redio yenyewe iliyobeba skrini hiyo. Chochote kati ya hivyo kikigoma, picha inapotea. Fundi anayeng'oa kamera kabla ya kupima anamuuzia mteja kifaa ambacho pengine hakukihitaji, na hiyo mpya nayo inakaa gizani vilevile. Hapo ndipo lawama zinapoanza, na kwa haki kabisa.

Kwa hiyo anza kwa kuisoma skrini. Kinga tairi, vuta hendibreki, washa swichi bila kupiga stati, ingiza rivasi, utazame. Kama skrini haibadiliki kabisa, jina la wimbo bado liko palepale, redio haijapata taarifa kwamba gari liko rivasi. Angalia kama taa nyeupe za nyuma zinawaka, kisha ufuate fyuzi na swichi ya gia boksi. Kama skrini imegeuka nyeusi lakini mistari ya kuongozea imetokea, redio inafanya kazi yake ila picha haiifikii. Ukungu mweupe mara nyingi ni maji yaliyoingia nyuma ya lenzi, au plastiki iliyochubuka kwa kufutwa vumbi kavu na kitambaa. Michirizi inayozidi ukikanyaga mafuta inakupeleka kwenye ethi mbovu (njia ya umeme kurudi kwenye bodi), au kwenye kebo iliyolazwa sambamba na waya mkubwa wa chaji.

Baada ya hapo unahitaji vitu vitatu: mita ya kupimia volti, skrini ndogo ya kupimia yenye tundu la njano la kuingizia picha, na kamera moja unayojua kwa hakika ni nzima. Unganisha kamera yako nzima kwenye kebo ya gari. Picha ikitokea, kamera ya zamani ndiyo mbovu. Isipotokea, nenda nyuma na skrini yako, uipe kamera ya gari umeme wake sahihi, utazame kama inatoa picha. Kwa njia hii unaigawa kazi sehemu tatu, yaani kamera, waya na skrini, na utajua uko wapi bila kubahatisha. Plagi za kiwandani hazitalingana na zako, kwa hiyo tengeneza mapema vipande vya waya vyenye pini nyembamba. Usisukumize pini nene kwenye plagi ya gari. Tundu likishapanuka, mguso wake haurudi kuwa imara.

Kwenye pikapu, mahali pa kwanza pa kushuku ni pale waya unapotoka kwenye bodi kuingia mlangoni. Mlango ule unafunguliwa kila siku kupakia saruji, mbao, magunia, na kila ukifunguliwa waya unakunjwa palepale. Ushike kati ya kidole gumba na cha shahada, ukunje taratibu, sentimita kwa sentimita. Ganda la nje laweza kuonekana zima, halina hata mkwaruzo, lakini kuna sehemu moja itakayolegea mkononi kama uzi. Chuna hapo. Utakuta shaba imekatika ndani, na kama maji yameshapita, imegeuka unga wa kijani. Hapo unamwambia mteja, "Bosi, kamera yako nzima, tatizo ni waya," na umemwokolea pesa nyingi. Ukiutengeneza, usiunge kwenye mkunjo wenyewe. Ondoa kipande chote kinachokunjwa, weka kipya kilaini chenye nyuzi nyingi nyembamba, kwa waya wa picha kiwe kebo yenye kinga yake, na viungo vyako vikae pande mbili ambako hapatikisiki.

Sasa tuseme umepima na kamera kweli imekufa, na mteja hawezi bei ya orijino. Jambo la kwanza si kamera gani, ni volti ngapi. Kamera nyingi za kiwandani za Toyota zinatumia volti 6, na umeme huo unatoka kwenye redio, si kwenye taa ya rivasi. Utaona waya nne: moto (waya unaoleta umeme) wa volti 6, ethi yake, picha, na ethi ya picha. Kamera za dukani karibu zote zinataka volti 12. Ukiiunganisha ya dukani kwenye ule moto wa volti 6, huenda isiwake, au ikawaka kwa picha hafifu inayokatikakatika, nawe ukadhani umeuziwa bandia. Dawa yake ni kuuacha ule waya wa volti 6 peke yake, uufunge vizuri usiguse kitu, kisha uchukue moto wa volti 12 kwenye taa ya rivasi, ethi safi jirani na hapo, na waya wa picha tu ndio uende kwenye redio. Usiwaze hata mara moja kupeleka volti 12 kwenye waya wa volti 6 ili "kuongeza nguvu". Waya huo unarudi ndani ya redio, na redio ni ghali kuliko kamera.

Kinyume chake kinatokea zaidi huku kwetu. Gari limetoka Japani na redio ya Kijapani, mwenye gari anaitoa na kuweka ya Android, lakini kamera ya kiwandani anataka ibaki. Fundi anaipa volti 12 kutoka kwenye taa, picha inatokea kidogo au haitokei kabisa, kamera imeungua. Ukikutana na kazi hiyo, weka kipunguza volti kinachotoa 6 kamili, ukipime kwa mita kabla hujaunganisha chochote. Na ukipanda kwenye malori, Canter au Fuso, umeme wake mara nyingi ni volti 24, na injini ikichaji hufika 28. Hapo chukua kamera na skrini zilizoandikwa 12–24, si vinginevyo.

Jambo la pili ni lugha ya picha. Redio za zamani na nyingi za kiwandani za kizazi hicho zinapokea picha ya kawaida ya analogia. Kamera za dukani siku hizi nyingi ni AHD, picha kali zaidi kupitia kebo ileile na plagi ileile ya njano, na hapo ndipo watu wanapotezwa, kwa kuwa plagi inaingia sawasawa ila skrini inabaki nyeusi au inaonyesha vurugu. Muuzaji wa Kariakoo, Dar, au wa Kirinyaga Road, Nairobi, atakwambia "inaingia gari zote". Muulize kama ina AHD tu au inaweza kurudishwa kwenye picha ya kawaida. Tazama pia PAL na NTSC, mifumo miwili tofauti ya picha ya analogia: Japani ilitumia NTSC, kwa hiyo kamera iliyowekwa PAL kwenye redio ya Kijapani inaweza kutoa picha isiyo na rangi au inayopanda na kushuka. Na magari mapya kadhaa, pikapu za Kimarekani zikiwemo, kamera yake inatuma picha kwa mfumo wa kidijitali. Hayo hayapokei kamera ya analogia bila kifaa cha kati kilichotengenezwa kwa gari hilo. Ukikutana nalo, mwambie mteja ukweli mapema, kabla hujafungua hata skrubu moja.

Kwenye boksi soma pia kinga ya maji. IP67 maana yake kifaa kinavumilia kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. IP69K ni kinga dhidi ya maji ya moto yanayopigwa kwa presha, na kwa gari linalooshwa kwa mashine kila wiki hiyo ndiyo unayoitaka.

Kufunga kwenyewe si kugumu, ila kunahitaji subira. Usiikate plagi ya kiwandani. Tafuta adapta, au unda yako, ili siku mteja akipata orijino airudishe bila jasho. Fuata njia ya nyaya za kiwandani chini ya chesesi, mbali na ekzosi na propela shafti, na uingie ndani ya kebini ya dereva kupitia raba iliyopo. Kabla waya haujaingia kwenye tundu lolote, uache uning'inie chini kidogo ya tundu hilo, ili maji yadondoke pale badala ya kuufuata ndani. Viungo vipishane, visikae sehemu moja, na kila kimoja kivikwe mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Tepu peke yake haitoshi, hasa Tanga, Dar na Mombasa ambako chumvi ya hewani inakula shaba. Ukikwangua rangi kupata ethi, ipake tena ukimaliza.

Kama picha inapepesa ilhali volti zinaonekana sawa, shuku kompyuta ya gari. Magari mengi ya kisasa hayaipi taa ya rivasi umeme ulionyooka, yanaupiga kwa vipigo vya haraka ambavyo mita ya kawaida inavisoma kama wastani. Taa haijali, kamera inajali. Hapo ipe kamera moto kutoka ACC (umeme unaokuja ukigeuza ufunguo hatua ya kwanza) kupitia fyuzi yake ndogo, au weka kichujio kwenye ule wa taa.

Sasa picha ipo. Hakikisha imegeuzwa kama kioo cha pembeni: kilicho kushoto kwa dereva kionekane kushoto. Kamera nyingi zina vijiwaya vya kukata, kimoja cha kugeuza picha na kingine cha mistari. Rangi zake hutofautiana, soma karatasi. Kama redio inachora mistari yake, zima ya kamera. Na tambua kwamba mistari ya redio ilipigwa hesabu kwa lenzi ya kiwandani, kimo chake na pembe yake. Lenzi ya dukani iliyo pana zaidi inavisogeza vitu mbali, na mstari mwekundu utasema una nafasi wakati huna.

Hili nalisisitiza kwa sababu ya watoto. Marekani ilitunga sheria yenye jina la Cameron Gulbransen, mtoto wa miaka 2 aliyefariki mwaka 2002 baada ya baba yake kurudisha gari nyuma bila kumwona. Kanuni iliyotokana nayo, iliyotumika kikamilifu tangu tarehe 1 Mei 2018 kwa magari mapya ya hadi kilo 4,536, inataka picha itokee ndani ya sekunde 2 na ionyeshe eneo la takribani mita 3 kwa 6 nyuma ya gari. Vitu vinavyopangwa kwenye jaribio lake vina kimo cha sentimita 81 hivi, kimo cha mtoto aliyeanza kutembea juzi. Jaribio hilo unaweza kulifanya gereji: pandanisha madumu mawili ya lita 20, yanakaribia kimo hicho, uyaweke karibu na bampa kulia, kushoto na katikati, kisha uyasogeze nyuma hatua kwa hatua. Dumu lisiloonekana linakwambia kamera iinamishwe au ihamishwe. Usimkabidhi mtu gari kabla ya hapo.

Ukikabidhi, mkalishe dereva mwenyewe kwenye kiti, si bosi wake tu, umwonyeshe kwa madumu hayohayo mahali mstari mwekundu unapoishia kweli na pembe ambazo kamera haifiki. Mpe kamera ya zamani, ni mali yake. Bandika jina kwenye fyuzi uliyoongeza. Kisha mwambie arudi baada ya mvua kubwa ya kwanza uifungue plagi ya mlangoni bila malipo. Ukikuta matone, kiungo chako kimevuja na ni juu yako kukirudia.