Jibu: Picha ya laida ya ndege iko tupu chini ya wingu

Salama mkuu wa Bagamoyo. Unasema data za laida (kifaa kinachopima hewa kwa kurusha mwanga wa leza na kupokea mwangwi wake) ya ER-2, ndege ya utafiti ya NASA iliyoruka kutoka Namibia mwaka 2016, ziko tupu chini ya wingu, na unataka kuandika kwamba hewa ya pale ni safi. Usiandike kwanza.

Tafuta mwangwi wa uso wa bahari, ule mstari mkali kwenye mita sifuri. Ukionekana, mwanga umefika chini na kurudi, hivyo utupu una maana. Ukikatika pale wingu linapoanza, wingu limeumeza mwanga na chini yake hakijapimwa kitu. Ni kama tochi kwenye ukungu wa Lushoto: huoni barabara, lakini ipo.

Ndege hiyo huruka kilomita 20 hivi, kwa hiyo hakikisha urefu unahesabiwa kutoka usawa wa bahari, si kutoka kwenye ndege.

Kisha, kujua chembe zilizo hewani ni za nini, linganisha mwangwi wa rangi mbili za leza, nanomita 532 na 1064. Moshi wa mashamba una chembe ndogo, hung'aa zaidi kwenye 532. Vumbi na chumvi ya bahari (hii inayokula mabati yetu hapa Tanga) hukaribiana kwenye zote mbili. Hapo upolarishaji (mwelekeo ambao mawimbi ya mwanga hutetemea) ndio hutenganisha, maana vumbi huupotosha sana, chumvi yenye unyevu kidogo tu.

Faili lako sijaliona. Weka hapa picha ya kipande kimoja cha safari tukitazame.