Mkoba wa milioni mbili na nusu, na maswali mengine ya mavazi

Tangu msimu wa harusi uanze, barua zenu nyingi zinauliza jambo moja: kitu cha bei mbaya kina faida gani? Nimechagua chache.

Dada, nimepata mkoba wa Louis Vuitton uliotumika kidogo, shilingi milioni 2.5. Mshahara wangu ni laki 9. Shoga yangu anasema mkoba wa namna hiyo ni akiba, haushuki bei. Nichukue? (Msomaji, Tabata)

Shoga yako amesikia habari za Birkin, mkoba wa kampuni ya Hermès ya Ufaransa, akaipa mikoba yote sifa hiyo. Birkin ni kweli, baadhi huuzwa mnadani kwa bei inayopita ya dukani, maana Hermès wenyewe hawamuuzii kila anayeingia na pesa mkononi. Mikoba mingi mingine hushuka bei mara tu inapotoka dukani. Na ule wa Louis Vuitton wa kahawia wenye herufi, kama ndio huo unaousema, sehemu yake kubwa si ngozi. Ni turubai lililopakwa plastiki; ngozi iko kwenye mikanda na kingo. Unadumu, sikatai, ila ujue unachokinunua.

Halafu siku ukitaka kuuza, utamuuzia nani hapa Dar? Mnunuzi atadai risiti, ataugeuza ndani nje, atakagua nyuzi, kisha atakutajia bei ya kukukera.

Ukitaka akiba ya kuvaa, bibi zetu waliijua zamani. Cheni ya karati 22 ina sehemu 22 za dhahabu safi kati ya 24, na sonara ataiweka kwenye mizani akulipe. Hata hapo kuna cha kupoteza: sonara ananunua uzito, ule ujira uliolipa wa kuitengeneza haurudi. Ndiyo maana cheni nzito isiyo na nakshi nyingi huuzika kwa hasara ndogo kuliko kidani cha urembo mwingi.

Ukiupenda mkoba, ununue kwa sababu ni mkoba. Lakini hiyo ni karibu mishahara mitatu, na hukusema kama pesa unazo au utakwenda kukopa. Kama ni kukopa, usinunue.

Na feki nzuri, ile wanayoiita daraja la kwanza, ya laki na nusu? (Huyo huyo)

Nilijua utauliza. Kwa pesa hiyo tafuta fundi wa ngozi akushonee mkoba kwa kipimo chako, zipu ikiharibika unamrudishia. Muuza feki ukimrudia utakuta kahama kona.

Shangazi, nilinunua viatu vya laki 3 na nusu, nikavitunza kwenye boksi kwa ajili ya shughuli. Siku ya harusi ya mdogo wangu soli zikameguka kama biskuti, mbele ya wakwe. Nilipigwa? (Kijana wa Tanga)

Pole, mwanangu. Huenda hukupigwa. Soli nyingi nyepesi za siku hizi ni za poliyurethani, aina ya plastiki, na adui wa poliyurethani ni joto lenye unyevunyevu, yaani hewa ya Tanga yenyewe. Unyevu huivunja taratibu hata kama kiatu hakijakanyaga chini. Kwa hiyo boksi halikukilinda. Kilikuwa kinazeeka humo humo.

Ikiwa ngozi ya juu bado nzima, mpelekee fundi viatu abandike soli ya mpira na kuishona pembeni. Safari nyingine, kabla ya kutoa pesa kubwa, kigeuze kiatu uangalie soli imeshikwaje. Iliyoshonwa kwenye ukanda unaozunguka kiatu inabadilishwa ikiisha, na hapo ndipo bei kubwa inapoanza kueleweka, maana unabaki na ngozi ile ile miaka. Iliyomwagwa kiwandani ikawa kitu kimoja na kiatu, ni taabu kwa fundi kuibadilisha. Na vivae! Viatu vya laki 3 na nusu vinavyosubiri harusi ni hasara hata visipomeguka.

Mtandaoni wanatuambia tugawe bei kwa mara tutakazovaa. Koti la shilingi 18,000 nikilivaa mara 200 ni shilingi 90 tu kila mara. Si rahisi hiyo? (Msomaji, Nairobi)

Kugawanya umegawanya sawa. Hiyo 200 umeitoa wapi? Hesabu hii naiona ikifanywa zaidi na mtu aliyekwisha kuamua kununua. Fungua kabati, toa nguo uliyoinunua ghali kuliko zote mwaka jana, uhesabu umeivaa mara ngapi. Tumia namba hiyo.

Tena koti la Nairobi lina kazi hasa ya Juni mpaka Agosti. Pita soko la mitumba la Gikomba asubuhi wanapofungua marobota, utafute sufu ya kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza. Soma lebo ya ndani kabla ya jina la shingoni.

Bibie, mchumba wangu anataka nivae kofia ya viua ya mkono siku ya nikaha. Bei yake ni mara kumi ya ile ya mashine. Kuna atakayeona tofauti? (Bwana harusi mtarajiwa, Mombasa)

Wazee watakaokaa karibu nawe wataiona kabla hujaketi. Kila kiua, kile kitundu kidogo cha nakshi, kimezungushiwa uzi kwa mkono, mara nyingi na mwanamke anayeshona nyumbani kwake kati ya kazi nyingine, na kofia moja huweza kuchukua miezi. Hapa bei ni ya kazi ya mtu, si ya jina. Inafuliwa, inatiwa wanga, inarudi kama ilivyokuwa, na Idi utaivaa tena. Nunua, bila kuombaomba upunguziwe. Ukiweza mfuate mshonaji mwenyewe, maana kila mkono unaopita katikati unakata chake.

Kamati imechagua sare ya kitenge cha Vlisco cha Uholanzi. Nimeshachanga. Nilazimike na hiki? (Msomaji, Mbezi)

Ni kitenge kizuri. Wanachapa huko kwao, mji wa Helmond, tangu 1846, na rangi inashika pande zote mbili za kitambaa. Kama ulikuwa na mpango wa kununua kitenge mwaka huu, chukua hiki, ushone gauni la kuendea hata kazini. Kama hukuwa nao, vaa rangi inayokaribiana, ukae meza ya nyuma, ule pilau. Mchango umeshatoa.