Huyo papa kaozwa kwa nani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kwenye kundi letu la WhatsApp tuna mchezo wa kutambua vyakula vya asili vya nchi za mbali, vile vya ajabu ajabu. Juzi niliweka picha na kuandika: "Kisia chakula hiki: papa aliyeozwa ardhini, Iceland." Mwenzangu akanisahihisha, eti si "kisia", ni "bahatisha". Nani yuko sahihi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Ni wewe. Anayekisia ana pa kushikia: picha, jina la nchi, hata harufu. Anayebahatisha hana kitu ila bahati, neno la Kiajemi lililotufikia kwa njia ya Kiarabu. Wenzako umewapa picha na nchi, basi wanakisia. Hilo limekwisha.

Sasa huyo papa. Kaozwa kwa nani? Mahari alipokea nani? Walii alikuwepo, au kadhi alimaliza peke yake? Kwa Kiswahili kinachosemwa hapo Tanga kwenu, anayeozwa ni bibi harusi. Samaki huoza tu, mwenyewe, bila mashahidi wala ubani.

Na hata ungeandika "aliyeoza" nisingenyamaza. Kila chakula cha kigeni kikinuka, watafsiri wetu hukitupia neno hilo hilo moja: kimeoza. Ng'onda wa papa wetu je? Akichemshwa mtaa mzima una habari, na hakuna anayemwita mbovu. Tunamwambua, tunamtia tui, tunaomba wali uongezwe.

Huyo wa Iceland, hákarl kwa jina lake, ni papa wa Greenland, ambaye nyama yake mbichi ina sumu. Kwa jadi, wenyeji humfukia kwenye changarawe na kumgandamiza kwa mawe kwa wiki 6 hadi 12, majimaji yamtoke, kisha humtundika vipande vipande kwa miezi kadhaa akauke. Wakishabandua gamba la nje, hukata vijipande vidogo vya kutafuna. Ukali wa amonia unapanda puani, lakini ile sumu ndiyo iliyoondolewa. Kitu kilichooza humwendea mlaji kinyume kabisa.

Nyanya zetu walikuwa na neno la kazi hii: kuvundika. Ndizi mbichi huvundikwa shimoni, zikafunikwa majani, zikaiva. Ukiziacha kupita kiasi, hapo ndipo zinaoza. Basi andika "papa wa kuvundikwa". Ukiona neno la nyanya halikutoshi, wanasayansi watakupa "aliyechachushwa", nami nitalimeza, ingawa linanikwama kidogo.

Nimesikia pia watu wakiliita lile yai la Kichina la pidan "yai lililooza". Kwanza, yai bovu lina jina lake: viza. Pili, pidan si viza. Huhifadhiwa kwa chokaa, majivu na chumvi kwa wiki au miezi, mpaka ute ugande na kuwa wa kahawia, na kiini kigeuke kijani cha kiza. Hilo jina la "yai la miaka mia" wanalolibandika ni la wauza maneno.

Kuhusu kuviita vyakula hivi "vya ajabu", leo sina nguvu za kugomba. Ila siku mtakapotia senene kwenye mchezo wenu, tayarisheni majibu ya kuwapa watu wa Bukoba.