Mabehewa 20 ya treni ya Pugu? Hesabuni njia za kupishania kwanza

Mkuu, hiyo barua uliyobandika humu kuhusu treni ya abiria ya Pugu, hapa Dar, msiipeleke. Futeni kwanza ule mstari wa "tunaomba mabehewa mapya 20 ili treni ya Pugu ipite kila baada ya dakika 15", halafu ndiyo tuongee.

Nimesoma bandiko lako nikitafuta neno moja tu, kupishana. Halimo. Kuna nauli, kuna kadi badala ya tiketi za karatasi, kuna daladala za kupokea abiria Gongo la Mboto, kuna kuazima mabehewa ya TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia), mpaka rangi ya viti imo. Reli yenyewe mmeisahau.

Reli ya zamani ya kati, ambayo treni hiyo inapita, kwa sehemu kubwa ni njia moja. Treni inayopanda Pugu na inayoshuka Stesheni zinakanyaga vyuma vilevile, na haziwezi kupishana ila penye njia ya pili ya pembeni. Kwa hiyo idadi ya treni kwa saa haipangwi na mabehewa. Inapangwa na kipande kirefu kuliko vyote kati ya sehemu mbili za kupishania. Basi.

Chukua mfano, kipande cha kilomita 8. Mwendo wa wastani kilomita 30 kwa saa, maana kuna mageti, watu wanatembea relini na kuna sehemu za kwenda polepole. Hizo ni dakika 16. Ikifika, stesheni masta ahakikishe imeingia nzima mpaka behewa la mwisho, swichi (vyuma vya kuhamisha treni njia) igeuzwe, dereva wa upande wa pili apewe ruhusa: weka dakika 4. Jumla 20. Ya kurudi nayo 20. Maana yake kila upande unapata treni moja kila baada ya dakika 40. Nunua mabehewa 20, nunua 200, ni dakika 40 tu. Yanayozidi yatalala yadi, na mtakuwa na picha nzuri za uzinduzi.

Sasa weka njia ya kupishania katikati. Vipande viwili vya kilomita 4, kila kimoja dakika 8 za mwendo na 4 za kupokezana, jumla 12. Kwenda na kurudi 24. Umetoka 40 hadi 24 bila kununua hata skrubu ya behewa. Ukibadilisha swichi za mkono kwa za umeme na taa, zile dakika 4 zikawa 2, unafika 20. Hapo ndipo pesa ya kwanza iende.

Na hapa ndipo watu wanapigwa. Atakuja mshauri elekezi na kompyuta yake (simtaji, wapo wengi, na tai zao zinafanana) awaambie njia ya kupishania iwekwe pale penye kiwanja cha bure, kilomita 2 tu kutoka mwisho. Hapo kipande kimoja kitabaki kilomita 6: dakika 12 na 4, mara mbili, ni 32. Mmejenga, mmekata utepe, mmeokoa dakika 8 badala ya 16, na kuihamisha baadaye ni kung'oa mataruma, kokoto, swichi na waya zote. Tulimwamini mtu wa namna hiyo aliyesema "ni palepale tu". Si palepale! Tena katikati ya kilomita si katikati ya muda. Kuelekea Pugu kuna mlima, treni iliyojaa inapanda kwa kujikongoja, hivyo katikati ya dakika husogea kuelekea upande wa mlima. Pimeni kwa saa, msipime kwa rula juu ya ramani.

Urefu wa njia ya kupishania nao. Behewa moja ni kama mita 20, kumi ni 200, ongeza kichwa (injini) na nafasi ya kusimama salama. Mkijenga mita 250 mkidhani inatosha, treni ya mizigo haitaingia humo, na kila ikitokea, ya abiria ndiyo itakayojibanza pembeni kuisubiri. Zikikutana mbili za mizigo, ratiba yenu ya asubuhi imekwisha.

Kitu kingine kinachokula muda ni kugeuza kichwa cha treni. Kukifungua, kukizungusha hadi upande wa pili, kufunga mipira ya breki na kuijaribu, dakika 20 hupita hivi hivi huku njia ya kituo imezibwa. Nairobi mwaka 2020 walipokea treni zenye injini ndani ya mabehewa yenyewe, zilizotumika Hispania, zina chumba cha dereva kila mwisho. Dereva anatembea tu hadi upande wa pili. Kama lazima muombe vyombo, ombeni vya aina hiyo, au vichwa viwili, kimoja kila mwisho.

Kuazima mabehewa ya TAZARA, sahauni. Reli yao ina upana wa milimita 1067 kati ya chuma na chuma, hii ni 1000. Na usiniambie tuongeze chuma cha tatu pembeni ili treni za aina zote mbili zipite: tofauti ni milimita 67, kitako cha reli peke yake ni kipana kuliko hapo, haitalala. Ndiyo maana mizigo kati ya reli hizi mbili ina kituo cha kuhamishia kule Kidatu. SGR, ile reli mpya, ndiyo kabisa, milimita 1435 na umeme juu.

Ulikuwa umeuliza kuhusu nauli na kadi, sivyo? Wapo humu wanaojua. Wewe leta orodha ya sehemu za kupishania kutoka Stesheni hadi Pugu, urefu wa kila moja, na dakika halisi za kila kipande, kupanda na kushuka, asubuhi treni ikiwa imejaa. Ziweke hapa tuzipige hesabu kabla hamjasaini chochote.