Takwimu za korona hupandaje na kushuka, na nani anahesabu watu wasipopima?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Ninafuatilia takwimu za korona zinazotolewa na wizara ya afya. Jumapili na Jumatatu wagonjwa hupungua, Jumanne hupanda ghafla. Isitoshe, watu wengi sasa wanajipima nyumbani au hawapimi kabisa. Takwimu hizi bado zina maana?

JIBU: Njema, ndugu msomaji. Zina maana, ila ujue kinachohesabiwa. Mgonjwa mmoja ana tarehe kadhaa: siku aliyoanza kuumwa, siku aliyochukuliwa sampuli, siku majibu yalipotoka maabara, na siku taarifa zake zilipoingia kwenye mfumo wa taifa. Takwimu ya kila siku mara nyingi hufuata hiyo ya mwisho. Mwisho wa wiki vituo vingi vya kupimia hufungwa, taarifa hurundikana, kisha huingizwa kwa mkupuo. Jumanne unayoiona ni ya makarani, si ya kirusi.

Ndiyo maana tunatumia wastani wa siku saba. Tukitaka kujua mlipuko unakwendaje hasa, tunawapanga wagonjwa kwa tarehe ya kuanza dalili. Mchoro wa aina hiyo karibu kila mara huonyesha siku za mwishoni zikishuka. Usifurahi mapema: wagonjwa wa siku hizo hawajaripotiwa wote.

Mfumo nao unaweza kukwama. Uingereza, Oktoba 2020, ilibainika kuwa karibu wagonjwa 16,000 waliachwa nje ya hesabu kwa sababu faili za Excel za muundo wa zamani hazipokei zaidi ya mistari 65,536. Kilichoniuma si takwimu kuharibika. Watu waliokaribiana na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa, na kwa ugonjwa huu siku chache zinatosha kuambukiza wengine.

Sasa suala la kutopima. Idadi ya wagonjwa peke yake haisemi kitu bila kujua wamepimwa wangapi. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitaja vipimo chanya kuwa chini ya asilimia 5 kwa wiki mbili kama moja ya dalili kwamba mlipuko umedhibitiwa. Hata asilimia hiyo hupotosha pale wanaopimwa wanapokuwa ni waliozidiwa tu.

Hapo ndipo maji taka yanapotusaidia, na kwangu hiki ndicho chombo cha haki kuliko vyote. Aliyeambukizwa anaweza kutoa chembechembe za kirusi kwenye kinyesi hata kama haumwi, na hahitaji kwenda kliniki ili ahesabike. Kwenye mtambo wa kusafishia, mashine huchota maji kidogo kidogo kwa saa 24, kisha maabara hupima wingi wa vinasaba vya korona. Mvua kubwa huyazimua maji hayo, kwa hiyo baadhi ya maabara hupima pia kirusi cha mmea wa pilipili, ambacho kimejaa kwenye kinyesi cha binadamu kwa sababu ya vyakula tunavyokula. Nacho kikipungua, tunajua maji yameongezeka, si kwamba korona imepungua. Ila maji taka hayakuambii ni watu wangapi wameambukizwa, na mahali penye vyoo vya shimo mtambo wa namna hii haupati kitu.

Aina mpya za kirusi hugunduliwa kwa kusoma vinasaba vya sampuli chache zilizochaguliwa. Novemba 2021 Afrika Kusini iliiona Omicron mapema, na jambo moja lililosaidia ni kwamba kipimo fulani cha PCR, yaani kipimo cha maabara cha vinasaba, kinachotafuta sehemu tatu za kirusi kilianza kukosa moja kwenye sampuli nyingi, ishara kwamba kirusi kimebadilika.

Mwisho kabisa huja vifo vya ziada, yaani vifo vyote kulinganisha na vilivyotarajiwa. WHO ilikadiria milioni 14.9 kwa 2020 na 2021, wakati vilivyoripotiwa kuwa vya korona vilikuwa takribani milioni 5.4.

Kwa matumizi yako, achana na hesabu ya siku moja. Tazama idadi ya waliolazwa kwa wiki, na maji taka kama nchi yako inayapima. Vyote viwili vikipanda pamoja, kirusi kinaenea, hata kama wagonjwa walioripotiwa ni wachache. Na ukijipima nyumbani ukajikuta nayo, ulizia kituo cha afya kama kuna njia ya kuripoti, maana jibu lililobaki mezani kwako hakuna mfumo unaoliona.