Baraza la Wasomaji: Shoga Yetu Yuko Wete, Nasi Tumechelewa Kumfuata

SWALI

Assalamu alaykum, Bi Mkubwa. Sisi ni wanawake wanne tuliojuana mwaka 1996, siku ya kwanza ya kidato cha kwanza hapa mjini Unguja, na tangu siku hiyo hatukuachana. Tumeozana, tumeuguzana na tumezikiana wazee. Mmoja wetu aliolewa Wete, Pemba, miaka ishirini iliyopita. Yeye huja kwetu kila harusi na kila msiba. Sisi kwake tulikwenda mara moja tu, alipojifungua mtoto wake wa kwanza. Sasa urafiki wetu unatimiza miaka 30, nami nimefikiri tuusherehekee kwa safari ya siku nne: tukate kanga za sare, tumshtukize bila ya kumwambia, na tukae katika hoteli ya ufukweni huko kaskazini ya Pemba ili tusimsumbue na nyumba yake. Waume zetu wameridhia.

Shida ni mbili. Mwenzetu mmoja ni fundi cherehani, na tangu mumewe alipougua hali yake imekuwa ya kubana. Kila tukimwambia tutamlipia anatafuta udhuru. Mwengine hajapanda chombo cha baharini tangu Septemba 2011, alipompoteza kaka yake katika meli iliyozama Nungwi. Je, niendelee kuwashawishi, au niende peke yangu na wao niwaletee zawadi?

Msomaji, Kikwajuni

JIBU

Waalaykum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimesimama kwenye maneno uliyoyapita haraka, kwamba yeye huja kwenu kila harusi na kila msiba, nanyi mmekwenda kwake mara moja. Kutoka Wete hadi bandari ya Mkoani mtu huikata sehemu kubwa ya Pemba kwa gari, akapita Chake Chake, kabla hata hajaiona boti. Kisha ndiyo aanze kuvuka. Mwenzenu ameifanya safari hiyo kwa miaka ishirini, pengine akiwa na mtoto mgongoni na kapu mkononi, na huenda hajawahi kuwahesabia. Kwa hiyo wazo lako la kwenda kwake ni zuri mno, na ningelikasirika kama ungeniandikia kwamba mnakwenda kusherehekea mahali pengine.

Ila mambo mawili katika mpango wako nakuomba uyaache. La kwanza ni kumshtukiza. Najua siku hizi watu wanapenda kuwapiga picha wenzao wakiwa wameduwaa mlangoni, lakini yeye ni mwanamke mwenye nyumba, mume, wakwe na majirani, na furaha ya kupokea wageni kwetu huanza siku nyingi kabla wageni hawajafika, pale mtu anapotoa shuka sandukuni, anapoagiza samaki na anapowatangazia jirani kwamba mashoga zake wa Unguja wanakuja. Ukimshtukiza unamnyima siku zote hizo. Pia huenda mkamkuta shamba. Ikiwa ni msimu wa karafuu, nyumba nyingi za Pemba huwa hazina mtu wa kukaa: wanaopanda mikarafuu wamepanda, wanaochambua wanachambua, na majamvi yameanikwa karafuu kando ya barabara. Muulizeni yeye awachagulie wiki.

La pili ni hoteli. Umesema hutaki kumsumbua, na nia yako naiamini, lakini jiweke mahali pake: mtu aliyelala kwenye mikeka yenu miaka yote, akala kwenye sinia zenu, leo asikie mmefika kisiwani kwake na mmelala kwengine. Atacheka mbele yenu, kisha maneno hayo atakaa nayo. Laleni kwake, hata kama ni watatu chumba kimoja, kwani mlianza hivyo. Mkiwa na shauku ya ufukwe, tengeni usiku mmoja, na yeye awe pamoja nanyi kama mgeni mwenzenu, mumewe akiwa amekwisha kuombwa mapema na kwa heshima. Mzigo wa nyumba mwaweza kuupunguza bila ya kumvunjia hadhi: fikeni na mchele, sukari, unga na mafuta vikiwa vimefungwa pamoja na zawadi za watoto na za mama mkwe, mviingize jikoni bila ya maelezo, kisha nanyi muingie jikoni, mmoja akikuna nazi na mwengine akichambua mchele. Siku ya kwanza msiipangie jambo lolote. Watu wasiokaa pamoja kwa muda mrefu huhitaji kwanza kumaliza habari za watoto na za maradhi ndipo wafikie mazungumzo yao ya zamani.

Siku za kutembea mwachieni yeye azipange. Yapo mengi ya kutazama: popo wakubwa wa Pemba, ambao duniani kote hawapatikani kokote isipokuwa kisiwani humo, nao huonekana wakining'inia mitini mchana kule Kidike, msitu wa Ngezi, mbele ya Konde, na ufukwe wa Vumawimbi ulio karibu nao, na magofu ya Pujini, ambayo wenyeji huyanasibisha na Mkama Ndume, mtawala wa kale. Lakini msishangae akiwaambia kwamba hata yeye hajawahi kufika Ngezi. Mtu aliyeolewa mahali huijua njia ya sokoni, ya hospitali na ya shule ya watoto, na anaweza kuishi miaka ishirini bila ya kutoka kwa ajili ya kutembea tu. Huenda zawadi kubwa mtakayompelekea ikawa hiyo ya kukitembelea kisiwa chake mwenyewe, akiwa kwenye gari pamoja nanyi.

Sasa nije kwa fundi wetu wa cherehani. Acheni kumwambia mtamlipia. Mtu ambaye amekuwa mtoaji maisha yake yote, na sasa Mwenyezi Mungu amemjaribu, huliona neno hilo kama kuorodheshwa miongoni mwa wanaohitaji kusaidiwa, na wewe umekwisha kuliona jibu lake katika nyudhuru anazozitafuta. Wekeni kibubu cha safari, na kikae nyumbani kwake yeye. Kila mmoja atie anachokiweza, bila ya kutaja na bila ya kuandika, na siku kitakapovunjwa safari ipimwe kwa kilichomo: ikitoka ya siku nne, Alhamdulillah, na ikitoka ya siku mbili, basi ni mbili kwa wote. Wewe ukiwa na uwezo zaidi, tia zaidi, na jambo hilo libaki baina yako na kibubu. Halafu kuna mshono. Ikiwa mnataka kushonewa magauni ya kuvaa na kanga hizo za sare, mpeni kazi yeye, na mumlipe bei ileile anayowatoza wateja wake, mapema na kwa ukamilifu. Nimeona mara nyingi marafiki wakimtumia fundi wao bure kwa jina la mapenzi, naye akikesha kwenye cherehani huku kazi za wateja wa kulipa zikimngojea. Mkimlipa sawasawa, nauli yake itakuwa imetoka kwenye mikono yake.

Kuhusu aliyefiwa, naandika polepole. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ilizama katika mkondo wa Nungwi, na mamia ya watu hawakurudi. Hapa kwetu ni vigumu kuupata mtaa ambao haukuguswa na msiba ule, na wapo wengi ambao hata kaburi la kulitembelea hawana. Mwenzenu anaogopa jambo ambalo limemfika. Kwa hiyo usimshawishi, na wala usimwambie kwamba boti za siku hizi ni nzuri. Nenda kwake peke yako, jioni moja, umuulize mara moja tu kama moyo wake ungeridhia kwenda kwa ndege. Kutoka uwanja wa Unguja hadi uwanja wa Chake Chake ni mwendo wa kama nusu saa, na katika ndege ndogo mtu aweza kukaa ameshikwa mkono na mwenziwe kutoka kupaa hadi kutua. Akisema ndiyo, basi wewe upande naye, na fundi wenu avuke kwa boti. Kumbuka tu kwamba ndege nayo hupita juu ya maji yaleyale, na kwake hilo huenda lisiwe jambo dogo. Akisema hapana, pokea hapana yake bila ya kuonyesha kuvunjika moyo, na usiirudie tena habari hiyo.

Iwapo hatakwenda, bado asiachwe nyuma kwa kuletewa zawadi tu. Doti yake ya kanga ikatwe pamoja na zenu, na jina la kanga alichague yeye, ili hata asipokuwepo Wete maneno mtakayoyavaa yawe yake. Na mnaporudi, msimwache mwenzenu wa Wete bila ya kumwalika: avuke pamoja nanyi, mara hii akiwa na watu wa kumbebea kapu, muimalizie sherehe nyumbani kwa huyo aliyebaki, nyote wanne. Ukinitaka nichague, mimi ningelipanga hivyo tangu mwanzo, hata kama atakubali ndege.

Kwa wanaovuka kwa boti, epukeni miezi ya kusi kali, hasa Juni hadi Agosti, mkondo unapochafuka. Ngojeni tanga mbili, pepo zinapobadilika na bahari inapotulia. Chukueni vitambulisho vyenu. Na anayetaka kurudi na karafuu kavu akumbuke kwamba zao hilo hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, kwa hiyo asijaze pakacha akidhani anabeba viungo vya pilau tu. Aulize kwanza bandarini.

SWALI

Bi Mkubwa, sisi ni vijana watano marafiki wa tangu madrasa. Julai iliyopita wanne tulikwenda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, na hatukumwambia wa tano, kwa kuwa tulidhani yuko kazini. Aliziona picha zetu kwenye simu. Tangu siku hiyo hujibu salamu tu. Tumemwandikia kumweleza, hajibu.

Msomaji, Chwaka

JIBU

Mwanangu, acheni kuandika. Mtu aliyeumizwa na kitu alichokiona kwenye simu hatulizwi kwa kitu kingine kwenye simu hiyohiyo. Nendeni kwake wote wanne, baada ya sala ya Isha, mkae barazani, na neno la kwanza liwe kuomba radhi kabla ya maelezo ya kazi na ratiba, kwani mlidhani mkashindwa kuuliza, na kuuliza kulihitaji dakika moja. Mmetoka Makunduchi, mahali ambapo watu huonekana siku hiyo wakipigana kwa mabua ya migomba ili kinyongo cha mwaka kiishe, na ambapo mwenye nyumba huona ni mkosi kukosa mgeni wa kula naye. Huko mlikwenda na mkala, na nyuma mmemwacha mwenzenu.

Akikunja uso msiondoke mapema. Mwacheni aseme yote, hata yale ya zamani msiyoyatarajia. Kisha mwambieni achague yeye safari ijayo, mahali na siku, nanyi mfuate hata akisema ni kwenda kuvua pweza hapohapo Chwaka maji yakitoka.