Kiota cha mmoja na kiota cha watano

Mhariri, katika toleo lililopita mlituuliza wasomaji kama nyigu waishio katika kundi kubwa hufanikiwa kuliko wale wa kundi dogo, na chini ya swali mkaongeza, kana kwamba jibu limekwisha kupatikana, kuwa umoja ni nguvu. Nyongeza hiyo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Nilikuwa bwana shamba kwa miaka 31 katika vijiji vya Newala na Tandahimba, na nimechoka kuona nyuki, mchwa na nyigu wakisingiziwa methali zetu. Kabla ya kuuliza nani amefanikiwa, ilifaa tuambiwe tunapima mafanikio ya kiota kizima au ya kila nyigu aliyemo. Mimi nitajibu hilo la nyigu mmoja mmoja, na mtanisamehe kwa kuligeuza swali.

Ninaowazungumzia ni wale wa upenuni, wenye kiuno chembamba, ambao kila nyumba ya huku imewahi kuwapangisha bila kodi. Hukwangua nyuzi za fito na nguzo kavu, huzitafuna na mate, kisha hujenga sega la karatasi lililo wazi, linaloning'inia kwa kikonyo kimoja. Wanaojenga ni majike watupu. Wakati mwingine jike mmoja huanza peke yake, wakati mwingine huanza wawili, watatu au zaidi.

Mwezi wa Aprili mwaka 2011 nilianguka kutoka kwenye mkorosho niliokuwa nikiupogolea, nikavunjika muundi na kufungwa hogo. Kwa muda wa wiki nane kazi yangu ikawa kukaa barazani, nyumbani kwetu karibu na Kitangari, nikitazama juu, kwa sababu chini hapakuwa na la kutazama. Juu ya pipa la maji palikuwa na kiota kilichoanzishwa na jike mmoja. Juu ya mlango, hatua kama nne kutoka hapo, palikuwa na kiota cha majike watano. Vyote viwili vilianza katika wiki moja, jambo ambalo nililiona kuwa ni bahati kwa mtu asiyeweza kutembea.

Mjukuu wangu, ambaye wakati ule alikuwa darasa la sita, ndiye aliyekuwa mguu wangu. Alipanda juu ya kinu na kuhesabu vyumba vya sega, nami nikaandika kwenye daftari la zamani la pembejeo. Tulipopata shida ya kuwatofautisha wale watano, aliiba rangi ya kucha ya mama yake, na asubuhi moja ya baridi, saa ambayo nyigu wa uwanda huu wa juu huwa hawajapata joto la kuruka, akawatia alama watatu kwa ncha ya unyasi. Wa nne alimchoma kwenye kidole. Alilia kidogo, kisha akaniambia, "Babu, hao wawili waliobaki tutawajua kwa kukosa rangi." Sijapata kuwa na msaidizi wa utafiti mwenye akili kuliko huyo, na wengine walikuwa na shahada.

Niliyoyaona kwa wale watano hayakunifurahisha. Mmoja wao, mwenye alama nyekundu, alikaa juu ya sega karibu siku nzima. Mwenzake aliporudi na tonge la kiwavi lililotafunwa, nyekundu alimsukuma kwa kichwa, akamnyang'anya na kuwagawia mabuu yeye mwenyewe. Walipoteza muda mwingi kwa kujuana nani mkubwa. Yule wa juu ya pipa hakuwa na wa kugombana naye: alitoka, akarudi, akalisha, akajenga. Mwishoni mwa wiki ya tano, kiota chake kilikuwa na vyumba 14, na 11 kati ya hivyo vilikuwa na yai, buu au pupa. Kiota cha watano kilikuwa na vyumba 38, na 30 ndivyo vilivyokuwa na kitu. Gawanyeni wenyewe: 11 kwa jike mmoja, dhidi ya sita kwa kila jike.

Baadaye nilisoma kwamba hesabu yangu ya barazani ilikuwa imefanywa zamani. Mwaka 1964 Charles Michener, mtaalamu wa nyuki wa Marekani, alikusanya takwimu za viota vingi vya nyuki, nyigu na sisimizi, akaona kuwa kadiri majike wanavyoongezeka, ndivyo idadi ya watoto kwa kila jike inavyopungua. Kama ningeiandika barua hii wiki ile ya tano, ningeishia hapo, na jibu lingekuwa hapana.

Lakini wiki ya sita, siku ya Jumanne, jike wa juu ya pipa alitoka saa nne asubuhi na hakurudi. Labda alinaswa na ndege, labda na mtoto mwenye ndala. Nyigu hawa hupaka kikonyo cha kiota kitu kitokacho kwenye tezi za tumbo, ambacho sisimizi hawakipendi, lakini sharti awepo wa kukipaka na wa kulinda. Jumatano adhuhuri sisimizi weusi walishuka kwenye kikonyo. Hadi magharibi vyumba vyote 14 vilikuwa vitupu, pamoja na mabuu mawili yaliyokuwa yamebakiza siku chache tu kufunikwa vyumbani ili yawe pupa. Katika mwezi huohuo kiota cha mlangoni kilikwisha kupoteza majike wawili, mmoja wao akiwa na alama yetu, na hakuna buu hata moja lililolala njaa kwa sababu yao. Raghavendra Gadagkar, aliyewachunguza nyigu wa India kwa miaka mingi, aliieleza faida hii mwaka 1990: jike anayefanya kazi katika kundi akifa katikati ya malezi, kazi yake haifi naye, kwa kuwa wenzake huimalizia.

Hapo nilitambua kosa la kugawanya kwangu. Nilikuwa nimekipima kiota cha mmoja kabla hakijafa. Watafiti Wenzel na Pickering waliandika mwaka 1991 kwamba, hata pale ambapo wastani haupandi, kundi kubwa hupata chakula kwa namna isiyoyumba sana, kwa sababu bahati mbaya ya mmoja hufidiwa na bahati njema ya mwingine. Mkulima mwenye mikorosho mitatu na mwenye mia tatu wanaweza kuwa na wastani uleule kwa kila mti, lakini ugonjwa wa ubwiri unga ukiingia, mnajua ni nani atakayelala njaa.

Wapo pia nyigu ambao kwao hata kanuni ya Michener hugeuka. Mtafiti Robert Jeanne alichunguza huko Kosta Rika aina iitwayo Polybia occidentalis, ambayo huanzisha kiota kwa bumba zima, na mwaka 1996 yeye na Nordheim walionyesha kuwa bumba likiwa kubwa, kila nyigu huzalisha zaidi. Huko kuna waletao maji, waletao nyuzi za mti na wajengao. Aliyewahi kukandika nyumba ya udongo huku kwetu, ambako maji yalifuatwa bondeni, hahitaji maelezo: mkiwa watatu, mkandikaji husimama mikono mitupu akisubiri ndoo, mkiwa thelathini, ndoo humkuta.

Nisiufiche upande wa pili. Kiota cha mlangoni kilipofika wakazi 17, kilimchoma mgeni wetu shingoni, na siku niliyokwenda kufunguliwa hogo mke wangu alikichoma kwa moto wa makuti. Kile kidogo alikuwa akipita chini yake kila siku kuchota maji na hakukiona. Ukubwa huita macho. Hata hivyo, waliokuwa wametoka kuwinda walirudi, wakazunguka mahali palipoungua kwa siku mbili, na wiki iliyofuata wanne wao walikuwa wakijenga kwenye paa la choo.

Kwa hiyo andikeni kuwa nimejibu ndiyo, kwa nyigu wa upenuni, mradi kundi lisifike ukubwa wa kumkasirisha mwenye nyumba, na mradi msiseme kwamba kila mmoja kundini anapata zaidi, kwa sababu wengi wao hawapati. Asubuhi hii kuna jike juu ya dirisha la jikoni. Mjukuu wangu, ambaye sasa ni mwalimu, amenipigia simu kuuliza hali yake, nami nimemwambia ana vyumba vinne, na kwamba hadi jana jioni hakuwa amepata mwenzake.